Mirathi ya Masikio

Muuza kahawa wa mtaani kwetu haiti kwa kinywa. Hushika finjani mbili za kauri katika kiganja kimoja, akazigonganisha kwa mwendo wa vidole tu, na ule mlio mwembamba, mkali, humtangulia katika vichochoro kabla hajaonekana yeye mwenyewe wala dele lake la shaba. Wajomba zangu wawili, ndugu wa baba mmoja na mama mmoja waliopishana miaka mitatu, walikuwa na desturi ya kukaa barazani kila baada ya sala ya alasiri kumngojea, na kwa miaka mingi nilikuwa nikiwaona wakigeuza shingo kwa pamoja, upande ule ule, mara tu finjani zilipolia nyuma ya nyumba ya tatu. Kisha ikafika siku nikaona shingo moja tu ndiyo inayogeuka. Mjomba mkubwa alimsikia muuza kahawa. Mjomba mdogo alimjua kwa macho, alipokwisha kusimama mbele yake.

Wala hakuwa kiziwi. Adhana aliisikia, mngurumo wa gari aliusikia, na ukimwita kwa jina aliitika. Nilipomwuliza, alinieleza hali yake kwa maneno machache ambayo sijapata kuyaona bora yake katika kitabu chochote cha tiba: "Mjomba, sauti naisikia; maneno ndiyo siyapati." Na usiku, akaongeza, nyenje hawampi raha, kwani hulia ndani ya kichwa chake hata katika miezi ambayo nyenje wote wa mjini wamekwisha kunyamaza.

Tangu siku hiyo sikuacha kujiuliza: watu wawili waliotoka tumbo moja, wakala chungu kimoja, wakalala chumba kimoja hata walipooa, kwa sababu gani sikio la mdogo lizeeke kabla ya sikio la mkubwa?

Sikio tunalolitazama na kulitoga si sikio hasa, ni ukumbi wake. Sauti huingia ukumbini, ikatikisa kiwambo, na kiwambo kikavitikisa vifupa vitatu vilivyopewa majina ya vifaa, nyundo, fuawe na kikuku. Na kikuku hubisha hodi katika koklea, kijibomba cha mfupa kilichojikunja mizunguko miwili na nusu mfano wa konokono, ambacho upana wake hauzidi ukucha wa kidole. Humo ndimo kusikia kunamofanyika. Katika majimaji ya koklea zimejipanga safu za seli zenye vinywele vidogo mno: safu moja ya ndani, yenye seli zipatazo 3,500, na safu tatu za nje, zenye seli zipatazo 12,000. Seli hizo ndizo akiba yote mtu aliyozaliwa nayo. Ngozi ikichubuka huota nyingine, na hata kuku, kama ilivyodhihirishwa mwaka 1988, akiharibikiwa na seli hizo humwotea upya. Lakini mwanadamu, pamoja na wanyama wote wanyonyeshao, seli ya sikio iliyomfia haina badala.

Tena kila sauti ina makao yake humo ndani. Sauti nyembamba hupokewa karibu na mlango wa koklea, na sauti nene hupanda hata kileleni; naye Georg von Békésy, mzaliwa wa Budapest, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961 kwa kutuonyesha jinsi wimbi la sauti linavyosafiri katika njia hiyo. Uzee huanza kubomoa mlangoni. Ndiyo maana finjani hutangulia kupotea, na sauti za ndege, na mlio wa simu, hali ngoma na ngurumo hubaki palepale.

Na lugha yetu nayo hupata msiba wake hapo. Irabu zetu zina sauti nene yenye nguvu, huvuka ua na kufika. Lakini s, f, sh, t, p na k ni pumzi nyembamba tu, na hizo ndizo zinazobeba tofauti ya neno na neno. Mwambie mzee "mgeni amefika," naye huenda akadhani umesema mgeni amepika, au ameshika, maana irabu za maneno yote matatu ni zile zile kwa mpango ule ule, na kilichopotea ni ile pumzi ya katikati. Akijibu kinyume, watoto hucheka. Akinyamaza, watu wazima husema kwamba mzee husikia anachotaka kusikia. Nimeshuhudia dhuluma hii katika nyumba nyingi, na nimewahi kuifanya mimi mwenyewe kabla sijajua, na ndiyo iliyonifanya niandike. Mzee yule hajifanyi. Nusu ya kila neno haimfikii, na nusu iliyobaki anaikisia kwa juhudi ambayo sisi wenye masikio mazima hatuijui uchovu wake.

Ukongwe wa sikio ulianza kupimwa kwa filimbi. Mwingereza Francis Galton alitengeneza filimbi ndogo iliyoweza kutoa milio mikali kupita kiasi, na mwishoni mwa karne ya 19 Hendrik Zwaardemaker wa Uholanzi akaitumia kuonyesha kwamba kadiri umri unavyoongezeka, ndivyo mpaka wa juu wa usikivu unavyoshuka. Ikadhaniwa kuwa hiyo ni sheria ya maumbile kwa wanadamu wote, sawa na mvi. Ndipo Samuel Rosen, tabibu wa masikio wa New York, alipokwenda Sudan kuwapima Wamabaan, watu ambao nchi yao leo imo Sudan Kusini, waliokuwa wakiishi kwa mtama na samaki mbali na mashine za kila aina. Habari alizochapisha mwaka 1962 ziliwashangaza wenziwe: wazee wa Kimabaan walikuwa na masikio makali kuliko wazee wa rika lao wa Marekani, na shinikizo la damu yao lilikuwa la chini hata uzeeni.

Wengi wakapiga mbiu kwamba basi, jambo limekwisha, mharibifu ni makelele ya mji. Kelele ni mharibifu kweli, hilo halina ubishi. Ila hoja yenyewe ilikuwa na tundu. Wamabaan walitofautiana na watu wa New York kwa kelele, na kwa chakula, na kwa shinikizo la damu, na pia kwa nasaba. Na mtu awezaje kujua, kwa kutazama kaumu moja, ni lipi katika hayo lililowahifadhia masikio yao? Aidha watu wasioandika tarehe za kuzaliwa ni vigumu kuwahesabia umri.

Kuvipambanua vitu hivyo kulihitaji pacha. Pacha wa yai moja wana vinasaba vile vile. Pacha wa mayai mawili hushirikiana kama ndugu wengine wowote, yaani kwa wastani nusu ya vile vinavyotofautisha watu. Nao aghalabu wote hulelewa pamoja. Ikiwa wa kwanza hufanana zaidi katika usikivu wao kuliko wa pili, ziada hiyo imetoka katika nasaba. Uchunguzi wa pacha wanaume wa Sweden uliotolewa mwaka 1997 ulikadiria kuwa kwa waliopita miaka 65 karibu nusu ya tofauti za usikivu zatokana na urithi, na baadhi ya chunguzi nyingine zimezunguka baina ya asilimia 35 na 55. Huko Framingham, mji wa Massachusetts ambao familia zake zimepimwa moyo na masikio kizazi baada ya kizazi, mfanano ulidhihirika zaidi baina ya mama na mabinti, na baina ya dada na dada, kuliko baina ya baba na wana.

Asilimia hizo lakini zisieleweke vibaya, maana wengi wamezielewa vibaya. Tuchukue shamba la minazi iliyopandwa kwa mbegu mbalimbali katika udongo mbalimbali. Ukilitazama shamba lote unaweza kukadiria tofauti za urefu wa minazi zimetokana kwa kiasi gani na mbegu na kwa kiasi gani na udongo. Ukiusimamia mnazi mmoja ukauliza futi ngapi ni za mbegu na futi ngapi ni za mvua, swali lenyewe halina jibu. Kadhalika hakuna tabibu awezaye kumwambia mjomba wangu mdogo, aliyekuwa fundi bandarini, kwamba nusu ya hasara ya masikio yake ni ya babu na nusu ni ya mashine alizozitengeneza huko.

Ama urithi wenyewe una sura mbili zisizofanana, na kuzichanganya ndiko kunakoleta hofu isiyo na sababu. Sura ya kwanza ni ya kinasaba kimoja chenye nguvu, ambacho chenyewe kikiharibika chatosha kuleta uziwi. Mfano wake mashuhuri umo katika mji wa Cartago, nchi ya Costa Rica, kwa ukoo wa Monge, ambao tangu karne ya 18 watu wake wamekuwa wakianza kupoteza usikivu utotoni, takribani miaka kumi, na kufikia utu uzima hali ni viziwi kabisa. Kila mtoto wa mzazi mwenye kasoro hiyo ana bahati nusu kwa nusu ya kuipata. Pedro León wa Costa Rica na Mary-Claire King wa Marekani waliifuata kasoro hiyo katika damu ya ukoo huo hata wakakipata kinasaba chenyewe mwaka 1997. Uziwi wa namna hii ni mzito, ni wa nadra, na hautokani na uzee.

Sura ya pili ndiyo yetu sisi wengi. Mwaka 2022 ilitolewa hesabu iliyokusanya watu 723,266 kutoka chunguzi 17, wenye usikivu mzuri na mbaya, na ikaonekana mahali 48 katika vinasaba panapohusiana na kupungua usikivu. Kila mahali pana mchango mdogo mno, kama punje katika pishi. Hapa ndipo neno mirathi linapoonyesha maana yake, na mpaka wake pia. Mali ya marehemu sheria huigawa kwa wanawe wa kiume sawasawa, hisa kwa hisa; lakini mirathi hii ya mwilini huchanganywa kama karata kila mara mtoto anapotungwa, na ndugu wawili wa tumbo moja huondoka mezani kila mmoja na mkono wake. Mjomba mkubwa yamkini aligawiwa karata njema zaidi. Hilo peke yake latosha kujibu nusu ya swali langu.

Na karata hizo zina kazi gani sikioni? Vinasaba vingine huamuru kutengenezwa kwa uzi unaokiunganisha kinywele na kinywele juu ya seli, uzi ambao ukivutwa na wimbi la sauti hufungua mlango wa umeme. Uzi ukiwa dhaifu, seli hufa mapema. Jamii ya panya weusi wanaotumiwa sana katika maabara za dunia, waitwao C57BL/6, husikia vizuri ujanani na huwa viziwi wangali na umri wa kati, na asili ya msiba wao ni herufi moja tu iliyobadilika katika kinasaba cha uzi huo. Vinasaba vingine hushughulikia ukuta wa koklea ulio mfano wa betri, unaoyatia majimaji umeme. Mabishano juu ya kipi huanza kufa, seli au betri, yamekuwa marefu. Wataalamu wa Boston waliochungua masikio 120 ya maiti, wakatoa matokeo yao mwaka 2020, walikuta kwamba hasara kubwa ya uzee ni ya seli zenye vinywele. Ile hesabu ya mwaka 2022 nayo ikaelekeza kidole kwenye betri. Mimi naona yote mawili yawezekana kuwa kweli katika masikio tofauti.

Liko jambo linalonisikitisha hapa, nami sitalifunika. Hesabu hizo kubwa zimetegemea kwa sehemu kubwa watu wa asili ya Ulaya, ilhali Afrika ndiyo yenye vinasaba vya namna nyingi kupita bara lolote. Kinasaba kiitwacho GJB2, kinachosababisha sehemu kubwa ya uziwi wa kuzaliwa nao huko Ulaya, ni nadra kuwa sababu katika nchi nyingi za Afrika kusini ya Sahara. Lakini katika kijiji cha Adamorobe, nchini Ghana, kasoro moja ya kinasaba hicho hicho imerithiwa vizazi vingi, hata wanakijiji wakajitungia lugha yao ya ishara. Basi ramani iliyochorwa kwa ajili ya watu wengine haiwezi kutufikisha nyumbani kwetu.

Sasa nirudi kwa nyenje wa mjomba. Mvumo wa masikioni si mashetani wala si dalili ya wazimu, ingawa nimemwona mtu aliyepelekwa kwa mganga kwa ajili yake. Hesabu nyingine ya mwaka huo huo wa 2022 ilikadiria kuwa kiasi cha watu wazima 14 katika kila 100 duniani wamewahi kuwa nao, na kwa wapatao wawili katika 100 ni mzito. Sikio linapoacha kuleta habari za sauti nyembamba, ubongo haukubali ukimya. Huongeza nguvu ya kusikiliza, kama mtu anayefungua redio hata mwisho kwa sababu kituo hakipatikani, na kinachosikika ni mkwaruzo wa redio yenyewe. Mwaka 1953 wataalamu wawili wa Marekani, Heller na Bergman, waliwaingiza watu 80 wenye masikio mazima katika chumba kisichopenywa na sauti yoyote, mmoja mmoja, na karibu wote, 94 katika 100, wakasema wamesikia kitu: mlio, mvumo, au mfano wa wadudu. Na wako wagonjwa waliokatwa mshipa wa fahamu wa sikio, na mvumo ukaendelea vile vile; basi makao yake si sikioni.

Watu wa pwani walijua tangu zamani kuwa mvumo huweza kuletwa na dawa, kwani nani katika wazee wetu aliyekunywa kwinini asivumiwe na masikio? Aspirini kwa wingi hufanya hivyo pia, na mara nyingi hali hurejea dawa ikiachwa. Katika urithi, mvumo ulidhaniwa hauna nasaba, na uchunguzi mmoja wa Norway wa mwaka 2010 ulikadiria asilimia 11 tu. Lakini wale waliouliza swali kwa makini zaidi, wakawatenga wenye mvumo wa sikio moja na wenye mvumo wa masikio yote mawili, waliona jambo jingine: katika pacha wa Sweden, mwaka 2017, mvumo wa masikio yote mawili ulikuwa na urithi wa takribani asilimia 56, na wa sikio moja 27. Miaka miwili baadaye watoto wa kulelewa wa nchi hiyo walionekana kuwafuata wazazi waliowazaa, wala si waliowalea. Vinasaba vyenyewe vimeanza tu kujulikana, na baadhi yake ni vile vile vya usikivu. Hata nywele za Beethoven, aliyeteswa na uziwi na mvumo pamoja, zilisomwa vinasaba vyake, na katika habari iliyotolewa mwaka 2023 sababu ya uziwi wake haikuonekana humo.

Msomaji atauliza, je, aende kupimwa vinasaba? Mzee ambaye usikivu wake unashuka pole pole masikio yote mawili, kipimo hicho leo hakitamfaa kitu. Kitakachomfaa ni kutazamwa kama masikio yamezibwa na nta, kupimwa usikivu, na kupewa kifaa cha kusaidia kusikia mapema, kabla ubongo haujasahau maneno yanavyosikika. Na kifaa hicho mara nyingi humpunguzia mvumo pia, kwa kuwa kinaurudishia ubongo kile ulichokuwa ukikitafuta. Katika jaribio la Marekani lililotolewa mwaka 2023, la wazee wa miaka 70 hadi 84, kifaa hakikuonyesha faida ya akili kwa jumla yao. Lakini kwa wale waliokuwa na hatari kubwa zaidi, kudhoofika kwa akili kulipungua kwa asilimia 48 katika miaka mitatu. Mwenye karata mbaya ana sababu zaidi ya kujihadhari na kelele, kwani desibeli 80 mtu huzimudu saa 40 kwa wiki, na kila zikiongezeka desibeli tatu muda huo hukatwa nusu. Uziwi wa ghafla, au mvumo wa sikio moja tu, au unaopiga pamoja na mapigo ya moyo, usingojewe: mtu aende hospitali, na ule wa ghafla siku ile ile.

Kuna urithi mmoja lakini ambao kuujua kabla huokoa masikio, nao hupitia kwa mama peke yake. Mitokondria, vinu vidogo vya nguvu vilivyomo katika karibu kila seli, vina vinasaba vyao mbali, na mtoto, wa kiume na wa kike, huvipata kwa mamaye tu. Mwaka 1993 ilibainika kwamba herufi moja katika vinasaba hivyo, ya 1,555, ikibadilika, karakana ya protini iliyomo ndani ya kinu cha binadamu huzidi kufanana na ya bakteria. Na zile sindano zinazoipiga karakana hiyo ya bakteria, streptomisini, kanamisini, gentamisini na amikasini, huipiga ya sikio pia. Sindano hizo zaweza kumdhuru mtu yeyote zikizidi, lakini mwenye herufi hiyo aweza kupoteza usikivu kwa dozi ya kawaida kabisa. Leo kifua kikuu sugu hutibiwa zaidi kwa vidonge, na hiyo ni rehema. Ila gentamisini ingali ikitolewa kila siku, kwa watoto wachanga hasa.

Nilipofika hapo katika kusoma kwangu, nilimwendea mama yangu, dada wa wale wajomba wawili, nikamwuliza kama yuko katika ukoo wao aliyepata sindano nyingi. Alifikiri kidogo, mkono umeshika upawa. Akasema mjomba mdogo alipokuwa na miaka 22 alilazwa kwa kifua kikuu, akachomwa sindano kila siku kwa miezi, na alipotoka alikuwa akilalamika kwamba kisima kinamlilia masikioni. Kisha akakumbuka shangazi yao wa kuumeni, nikamwambia huyo hahusiki; halafu akamkumbuka dada wa mama yao, aliyepata uziwi baada ya kuchomwa sindano za homa ya uzazi, na huyo nikamwuliza habari zake zote. Yote hayo hayathibitishi kitu. Sindano, na mashine za bandari, na karata, hakuna atakayezitenganisha sasa katika sikio la mzee yule. Lakini mitokondria zao ndizo zangu, na ndizo za dada yangu, na za watoto wa dada yangu, ambao mmoja wao ana mimba ya miezi saba. Nyumbani kwetu tarehe za kuzaliwa huandikwa katika karatasi ya mbele ya daftari moja kuukuu. Chini ya jina la mjomba mdogo nimeandika: sindano za kifua, umri 22, masikio, na chini ya jina la yule dada wa mama yao, sindano za homa ya uzazi, masikio, na daftari nimempa mwenye mimba aende nalo kliniki.